Je, kuwa na mashaka ni kupoteza imani?

SWALI

Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Nimeokoka tangu nikiwa msichana na ninafundisha watoto wa shule ya Jumapili, lakini kwa miezi kadhaa sasa imani yangu inayumba. Ilianza pale mpwa wangu aliye chuoni aliponionyesha kwamba Injili nne hazisemi kitu kimoja kuhusu asubuhi ya ufufuo. Mathayo anataja wanawake wawili, Marko watatu, Yohana mmoja. Huku kuna malaika mmoja, kule wawili. Nilikwenda kusoma mwenyewe nikakuta ni kweli. Tangu hapo kila ukurasa nikiufungua natafuta kasoro, na nikiomba naona kama naongea peke yangu. Nilimweleza kiongozi wa kikundi chetu cha maombi. Akanisomea Yakobo 1:6, akasema nina roho ya mashaka, nifunge siku tatu kisha nikemewe. Nilifunga, nikaombewa, hali ni ileile, na sasa naona aibu hata kukutana naye. Meza ya Bwana nimeacha kushiriki, naogopa kujilia hukumu. Mama yangu naye alifariki mwaka jana tukiwa bado tunamwombea. Je, shaka ni dhambi? Nimeshapoteza wokovu? Niache kufundisha watoto?

JIBU

Amina, dada yangu. Nianze na hilo linalokunyima usingizi: hapana, hujapoteza wokovu. Mtu aliyempa Kristo kisogo hafungi siku tatu akitaka kurudishiwa imani, wala hatetemeki anapoikaribia Meza ya Bwana. Hofu yako yenyewe inaonyesha kwamba moyo wako bado uko kwake. Ninayasema haya kwa moyo wote, na ningependa uyashike kabla hatujaingia kwenye mengine.

Sasa, je, shaka ni dhambi? Biblia hailiweki shaka la kila mtu kwenye kapu moja, na sisi watumishi tukilazimisha hivyo tunaumiza watu. Tazama watu wawili waliomuuliza Yesu maswali. Wa kwanza ni Yohana Mbatizaji. Huyu ndiye aliyesimama kando ya Yordani akamwonyesha Yesu kwa kidole akisema, "Tazama, Mwana-kondoo wa Mungu." Kisha akatiwa gerezani, siku zikapita, na akiwa humo ndani akawatuma wanafunzi wake wakaulize: "Wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" (Mathayo 11:3). Huyo ni nabii, anauliza kama Yesu ndiye kweli! Wa pili ni Herode, yule yule aliyemfunga Yohana na baadaye kumkata kichwa. Luka 23 inasema alifurahi sana kumwona Yesu, alitumaini kuona ishara, na akamuuliza maneno mengi.

Yohana aliuliza swali moja, akajibiwa. Herode aliuliza mengi, na Yesu hakumjibu hata neno. Tofauti yao haikuwa ukali wa swali, kwa maana swali la Yohana ndilo zito zaidi. Herode alikuwa ameshaambiwa ukweli uso kwa uso. Marko 6:20 inasema alikuwa akimsikiliza Yohana kwa furaha, lakini hakuacha dhambi aliyokemewa. Maswali yake yalikuwa ya mtu asiyekusudia kubadilika hata akijibiwa. Yohana aliuliza kwa sababu jibu lilikuwa uhai wake. Mafarisayo waliodai ishara kutoka mbinguni muda mfupi tu baada ya watu elfu nne kulishwa walisimama upande wa Herode. Kwa hiyo, dada, usijipime kwa kuuliza kama una swali au huna. Jiulize: nikipata jibu la kweli, niko tayari kulifuata? Barua yako inanionyesha kwamba uko tayari.

Ona pia Yesu alivyofanya wajumbe wa Yohana walipoondoka. Hakugeuka akawaambia makutano, "Mmemsikia yule nabii wenu, ameanza kuyumba." Alisema hajaondokea katika wazao wa wanawake aliye mkuu kuliko Yohana Mbatizaji. Sifa kubwa kuliko zote alizompa mwanadamu aliitoa siku ambayo mtu huyo alikuwa na shaka juu yake.

Nije kwenye Yakobo 1:6, maana andiko hilo limekuumiza. Ndiyo, linasema tuombe kwa imani pasipo shaka, na kwamba mwenye shaka ni kama wimbi la bahari. Lakini mstari wa 5 unaoutangulia unasema mtu akipungukiwa na hekima na aombe kwa Mungu, "awapaye wote, kwa ukarimu, wala hakemei; naye atapewa." Yakobo anazungumza na watu wasiojua la kufanya katika majaribu, na ahadi anayowapa ni kwamba Mungu hawakemei kwa kutojua. Mtu anayemwonya ni yule anayemtaja mstari wa 8, mtu wa nia mbili. Ukiendelea hadi sura ya 4 utamkuta tena, na hapo anaelezwa waziwazi: ni mtu anayetaka urafiki na Mungu na urafiki na dunia kwa wakati mmoja, mguu mmoja huku na mguu mmoja kule. Lake ni shaka la uaminifu uliogawanyika. Mtu anayelia usiku akitaka kuamini na akashindwa kuelewa, huyo Yakobo anamwambia aombe hekima.

Wengine watakutajia pia Warumi 14:23, "aliye na shaka, kama akila, amehukumiwa." Soma sura yote. Habari ni ya vyakula na dhamiri, haihusiani na unayoyapitia.

Waraka mfupi wa Yuda una amri ambayo ningetamani isomwe katika kila kikundi cha maombi: "Wahurumieni wengine walio na shaka" (mstari wa 22). Neno hilo limo katika waraka mkali kabisa, unaowachana waalimu wa uongo bila kuwaonea haya. Mwandishi huyo huyo, akifika kwa wenye shaka, anaagiza huruma. Kiongozi wako sidhani alikuwa na nia mbaya. Alikupa alichokuwa nacho, na kuombewa si jambo baya hata kidogo. Ila kulichukulia kila swali kuwa pepo ni kosa, maana mtu anaombewa, swali linabaki palepale, na sasa anabeba mizigo miwili: swali lenyewe na aibu ya kuonekana ameshindikana. Ndiyo hali uliyo nayo leo.

Sasa tulichukue swali lenyewe, kwa sababu linastahili jibu, na mpwa wako hakukosea kuliuliza. Fungua Biblia yako tusome pamoja. Mathayo 28:1 anawataja Mariamu Magdalene na Mariamu yule wa pili. Marko 16:1 anaongeza Salome. Luka 24:10 anamtaja Yoana, kisha anasema "na wale wanawake wengine" bila kuwahesabu. Yohana 20:1 anamtaja Mariamu Magdalene peke yake. Lakini shuka mstari mmoja tu. Mariamu huyo "peke yake" anakimbia kwa Petro na kusema, "Wamemwondoa Bwana kaburini, wala *hatujui* walikomweka." Hatujui, yeye na nani? Baadaye, mstari wa 13, akiwa amebaki analia pale kaburini, anawaambia malaika, "wala mimi *sijui* walikomweka." Yohana alijua kwamba kulikuwa na wengine, aliamua kumfuata mmoja. Luka naye anafanya vivyo hivyo. Katika 24:12 anasema Petro aliondoka akakimbia kaburini. Mistari michache mbele, katika 24:24, wale wawili wa njia ya Emau wanasema "wengine waliokuwa pamoja nasi" walikwenda kaburini. Mwandishi mmoja, sura moja, mara anataja mtu mmoja, mara anataja wengi, na halioni tatizo, kwa kuwa kumtaja mmoja si kusema hakukuwa na mwingine. Habari ya malaika ni ya namna hiyohiyo.

Sitakudanganya kwamba kila kipande kinaingia mahali pake bila kusukumwa. Kupanga saa kwa saa mwendo wa asubuhi ile, nani alifika lini na nani alirudi lini, ni kazi ngumu, na wataalamu wacha Mungu wameipanga kwa namna tofauti. Mimi mwenyewe siitegemei ramani yoyote moja kati ya hizo. Lakini tazama yale ambayo hayatofautiani: ni siku ya kwanza ya juma, kaburi li wazi, mwili haumo, wa kwanza kujua ni wanawake, na Mariamu Magdalene yumo katika Injili zote nne. Hilo la wanawake lina uzito wake. Enzi zile ushahidi wa mwanamke ulidharauliwa, na Luka haufichi ukweli kwamba mitume wenyewe waliyaona maneno yao kama upuzi (24:11). Anayetunga hadithi ili aaminiwe hachagui mashahidi ambao hata kiongozi wa kanisa, Petro na wenzake, hawakuwaamini.

Kisha kuna Paulo. Waraka wa kwanza kwa Wakorintho uliandikwa karibu mwaka 55, na katika sura ya 15 anawakumbusha habari ambayo anasema yeye mwenyewe aliipokea kutoka kwa waliomtangulia: Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka, akamtokea Kefa, yaani Petro, kisha wale Thenashara, kisha ndugu zaidi ya mia tano kwa pamoja, "wengi wao wanaishi hata sasa." Hapo anawapa wasomaji watu wa kwenda kuwauliza. Usiruke neno hilo.

Jambo la mwisho hapa, maana mpwa wako huenda anadhani Kanisa limelificha jambo hili hadi intaneti ilipolifichua. Katika karne ya pili, mtu aitwaye Tatiano alizisuka Injili nne zikawa simulizi moja iliyonyooka, bila tofauti. Kazi yake ilipendwa, na makanisa ya lugha ya Kisiria yaliitumia kwa vizazi kadhaa. Pamoja na hayo, Kanisa lilishikilia zile nne, na tofauti zake zote, na hata Wasiria hatimaye wakazirudia. Walikuwa na nafasi ya kuondoa ugumu huu na hawakuichukua. Askofu Augustino wa Afrika Kaskazini naye, miaka mia nne hivi baada ya Kristo, aliandika kitabu kizima kuhusu tofauti hizi hizi alizokuonyesha mpwa wako.

Nimtaje kidogo Augustino huyo, kwa sababu historia yake inakuhusu. Akiwa kijana aliyadharau Maandiko, akafuata dini ya Wamani, wafuasi wa mtu aitwaye Mani, kwa karibu miaka tisa. Alikuwa na maswali mengi, na wenzake walimwambia amsubiri mwalimu wao mkuu, Fausto, naye atayajibu yote. Fausto alipofika alikuwa msemaji hodari, lakini majibu hakuwa nayo. Baadaye, akiwa Milano, Augustino alimsikiliza Askofu Ambrosi akifafanua Agano la Kale, na polepole akaona kwamba alichokuwa akikipinga miaka yote hakikuwa ndicho Kanisa linachofundisha. Alibatizwa Pasaka ya mwaka 387. Kilichomsaidia ni kumpata mtu anayeyajua Maandiko na asiyeogopa kuulizwa. Nawe mtafute mtu wa namna hiyo. Wapo, ingawa mara nyingi si wale wanaosikika zaidi.

Dada yangu, nimeandika mengi kuhusu kaburi kwa sababu uliuliza mengi kuhusu kaburi. Lakini nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Wanawake na malaika umewapa mistari kadhaa. Mama umempa mstari mmoja, karibu na mwisho, kana kwamba ni habari ya pembeni. Naweza kuwa nimekosea kukusoma, unisamehe kama ndivyo, lakini nadhani huo ndio mzizi. Umesema hali hii ina miezi kadhaa, na mama alifariki mwaka jana. Mpwa wako aliuleta msumari kwenye ukuta ambao tayari ulikuwa na ufa. Ni rahisi kumuuliza Mungu, "Malaika walikuwa wangapi?" kuliko kumuuliza, "Ulikuwa wapi?"

Na hilo la pili ni ruksa kumuuliza. Soma Yohana 11. Lazaro anaugua, dada zake wanatuma ujumbe, na Yesu, ambaye mstari wa 5 unasema aliwapenda, anakaa siku mbili zaidi pale alipokuwa. Lazaro anakufa. Yesu anapofika, Martha anamlaki na kusema, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Baadaye Mariamu naye anakuja, anaanguka miguuni pake, na anasema maneno yaleyale. Ni lawama, tusiipake rangi. Hakuna kati yao aliyekemewa. Na ona, maneno ni yaleyale, majibu ni mawili. Kwa Martha Yesu alifundisha: "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Kwa Mariamu hakufundisha kitu, aliuliza wamemweka wapi, akalia machozi. Alijua nani anahitaji neno na nani anahitaji machozi. Wewe umekuwa ukitafuta majibu ya Martha, na ni haki yako, ila sidhani kama umepewa nafasi ya kulia kama Mariamu.

Kwa nini Mungu hakumponya mama? Sitakupa sababu, kwa kuwa Mungu hakunipa, na anayekuambia kwamba ni kwa sababu imani yenu ilipungua anasema asilotumwa. Turudi gerezani kwa Yohana tena. Jibu alilotumiwa na Yesu limejengwa na maneno ya nabii Isaya: vipofu wanaona, viwete wanakwenda, viziwi wanasikia, maskini wanahubiriwa habari njema. Yohana aliyajua maandiko hayo kwa moyo, na bila shaka alijua kwamba Isaya 61:1 inaendelea na wafungwa kufunguliwa. Yesu hakulitaja hilo. Akamalizia, "Naye heri awaye yote asiyechukizwa nami." Yohana hakutoka gerezani akiwa hai. Alijibiwa kweli, lakini hakupewa alichokuwa akikihitaji siku ile, na ilimbidi amtumaini Yesu pamoja na hilo asilopewa. Sijui andiko jingine katika Injili linalofika karibu zaidi na mtu aliyeomba na akazika.

Kwa hiyo, unapoomba, acha kujilazimisha kusema sala za zamani zenye uhakika usio nao leo. Mungu hadanganyiki nazo. Chukua Zaburi ya 13, inayoanza na kilio cha "hata lini." Chukua ya 88, ambayo tofauti na zaburi nyingi za maombolezo haiishii kwenye sifa, inaishia gizani, na bado ilihifadhiwa ndani ya kitabu cha sala cha watu wa Mungu. Isome kwa sauti kama sala yako. Baba wa yule kijana katika Marko 9 aliomba kwa machozi, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," imani na kutokuamini katika sentensi moja, na Yesu hakumwambia akatengeneze kwanza nusu ya pili ndipo arudi. Mtoto aliponywa saa ileile.

Usitegemee pia kwamba hisia zitarudi haraka. Mama Teresa wa Kalkuta alifariki mwaka 1997, na barua zake zilipochapishwa mwaka 2007 wengi walishtuka kusoma kwamba kwa miongo mingi, huku akiwahudumia wanaokufa, ndani yake alisikia giza na ukimya tu alipoomba. Hakuacha kuomba, hakuacha kuwahudumia. Sisemi nawe itakuwa hivyo, na ninaomba isiwe. Nasema tu kwamba kutohisi kitu si ushahidi kwamba hakuna anayesikia. Na ule, na ulale. Eliya alipotaka kufa chini ya mretemu, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akampa tena. Kufunga nakushauri ukuache kwa sasa.

Kuhusu watoto, usiache kufundisha kwa sababu ya shaka peke yake. Mathayo 28:17 inasema wale kumi na mmoja walipomwona Yesu aliyefufuka walimsujudia, "lakini baadhi yao waliona shaka." Mistari inayofuata ndiyo Agizo Kuu. Hakuwatenga kwanza wenye shaka ndipo awatume waliobaki. Hata hivyo, watoto si mahali pa kutulia mzigo wako. Fundisha yale unayoweza kuyasimulia kwa moyo mweupe, na mtoto akikuuliza usilolijua, mwambie, "Sijui, nitatafuta," kisha utafute kweli. Ukiona kila Jumapili unarudi umechoka kwa kujifanya, mwombe mwenzako akushikie darasa kwa muda, bila aibu, upate kuomboleza. Ila ibadani usiache kwenda. Tomaso alipokataa kuamini, wenzake hawakumfukuza na yeye hakujitenga. Siku nane baadaye Yohana anaandika, "Tomaso pamoja nao," na ni hapo, katikati ya ndugu zake, alipomwona Bwana.

Imebaki Meza ya Bwana. Onyo la kula isivyostahili, katika 1 Wakorintho 11, liliwalenga watu waliokuwa wakila karamu yao na kulewa huku wakiwaacha maskini wa kanisa na njaa. Soma kuanzia mstari wa 17 utaliona. Kosa lako si hilo. Usiku ule wa kwanza mkate uliwekwa mikononi mwa watu ambao saa chache baadaye wote walimkimbia, na usiku uleule Yesu aliwaambia kwamba watamkimbia. Alijua, na akawapa. Usiendelee kujinyima chakula alichokiandaa kwa ajili ya wanyonge. Siku kanisa lenu litakaposhiriki tena, nenda nawe, na kama huna maneno mengine siku hiyo, yale ya baba wa Marko 9 yanatosha.